Nyumba nzuri, mkazi hana raha: Hesabu ambayo wajenzi wa makazi nafuu huisahau

WAHENGA walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Msemo huo uliniingia vizuri nilipoitwa kwenye kikao cha familia huko Tandika, wilayani Temeke, kumsaidia shangazi yangu kuamua jambo moja: auze nyumba yake ama asiuze.

Nyumba yenyewe ni ile ambayo watu wa Dar es Salaam huiita nyumba ya Kiswahili. Ina vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi mrefu unaotoka mlango wa mbele hadi uani. Uani kuna jiko, bafu, choo na stoo ndogo. Mbele kuna baraza. Shangazi na mjukuu wake wanatumia vyumba viwili, na vinne vina wapangaji. Choo ni kimoja kwa watu wote. Masika ikifika, maji hujaa uani hadi kwenye kizingiti cha jiko.

Mnunuzi alikuwa amejitokeza. Watoto wa shangazi, ambao wote wana kazi zao, walikuwa na mpango ulioonekana mzuri: nyumba ya Tandika iuzwe, na mama yao ajengewe nyumba mpya nje ya mji, mwendo wa daladala mbili. Ingekuwa na vigae sakafuni, choo cha ndani, madirisha ya alumini na uzio. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Walikuwa wamechoka kumwona mama yao akipanga foleni ya choo na wapangaji wake.

Shangazi alisikiliza yote hadi mwisho. Kisha akanigeukia na kusema: "Mwanangu, wewe ndiye uliyesomea uchumi wa kilimo. Wakulima unawafanyia hesabu za mahindi na alizeti. Haya, na mimi nifanyie hesabu ya nyumba yangu."

Nilidhani ananitania. Lakini nilipochukua kalamu nikagundua kwamba ameuliza swali ambalo miradi mingi ya nyumba za watu wa kipato cha chini, hapa kwetu na kwingineko, imelisahau kwa miaka mingi.

Hesabu ya Tandika

Mali bila daftari hupotea bila habari, kwa hiyo tulianza na daftari. Vyumba vinne vya wapangaji, kila kimoja Sh50,000 kwa mwezi, ni Sh200,000. Asubuhi shangazi anapika vitumbua barazani. Akitoa unga wa mchele, nazi, mafuta na mkaa, hubaki na wastani wa Sh6,000 kwa siku. Kwa siku 25 za mwezi hiyo ni Sh150,000. Uani ana kuku wa kienyeji ambao, kwa mayai na jogoo mmoja mmoja wa kuuza, humpa kama Sh30,000. Jumla ni Sh380,000.

Tukaondoa sehemu yake ya maji na umeme, akiba ya kunyonya choo na ya kuziba bati linalovuja, yote Sh50,000. Anabaki na Sh330,000 kwa mwezi, bila kuajiriwa na bila kumwomba mtoto wake hata senti.

Tukahamia kwenye nyumba mpya. Huko eneo ni kubwa, kwa hiyo kuku wangeongezeka na bustani ya mchicha ingewezekana. Tukakadiria Sh80,000. Lakini wapangaji huko hawapo, kwa sababu kazi ziko mbali. Wanaonunua vitumbua alfajiri hawapo, kwa sababu majirani ni wachache na wengi wana magari. Nauli ya kwenda kliniki, sokoni na msibani tuliiweka Sh60,000. Umeme na maji, ambavyo sasa angelipa peke yake, Sh40,000. Mwisho wa mwezi angekuwa na upungufu wa Sh20,000.

Tofauti kati ya nyumba hizo mbili ni Sh350,000 kwa mwezi, yaani Sh4.2 milioni kwa mwaka. Fedha ya mauzo nayo isingebaki, maana ingeishia kwenye ujenzi. Kumhamisha shangazi kulikuwa ni sawa na kumstaafisha bila pensheni.

Hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa ananieleza. Kwetu sisi tuliokaa kwenye viti siku ile, nyumba ni mahali pa kulala. Kwake yeye nyumba ni shamba. Anapanda humo, anavuna humo, na mavuno yake yanategemea eneo, wateja na uhuru wa kulima atakavyo, kama ilivyo kwa shamba lolote. Hakuna bwana shamba ambaye angemwambia mkulima aache shamba la bondeni lenye maji akachukue la mlimani kwa sababu la mlimani lina uzio mzuri.

Swali la 'umeridhika?'

Ndugu msomaji, watafiti wa makazi wana kipimo wanachokiita kuridhika kwa mkazi. Humwendea aliyepewa au aliyeuziwa nyumba katika mradi na kumuuliza juu ya ukubwa wa vyumba, maji, choo, usalama, majirani na umbali wa huduma. Majibu hujumlishwa na mradi hupewa alama.

Kipimo hicho kina manufaa, lakini kinahitaji kutumiwa kwa uangalifu. Mtu aliyetoka kwenye chumba kinachovuja akaingia kwenye ghorofa lenye bomba jikoni atasema ameridhika, na atasema kweli, kwa sababu analinganisha na jana. Mwulize tena baada ya miaka miwili, baada ya ankara na nauli, na jibu linaweza kuwa tofauti. Zaidi ya hapo, anayeulizwa bado anasubiri hati, au ukarabati, au punguzo kutoka kwa walewale wanaomuuliza. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Adabu humfanya aseme "tunashukuru".

Msanifu majengo wa Uingereza, John Turner, ambaye alifanya kazi kwenye makazi ya watu maskini nchini Peru tangu mwaka 1957, aliliona jambo hili mapema. Katika kitabu chake cha mwaka 1976, Housing by People, alijenga hoja kwamba thamani ya nyumba ipimwe kwa kile inachomfanyia mkazi katika maisha yake, wala si kwa namna inavyoonekana. Kibanda kilicho karibu na kazi kinaweza kumsaidia kijana anayeanza maisha kuliko nyumba bora iliyo mbali inayomfunga kwa deni. Nyumba ni ileile, lakini kwa mmoja ni msaada na kwa mwingine ni mzigo.

Yaliyotokea kwa majirani

Mfano wa karibu uko Nairobi. Serikali ya Kenya na shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, UN-Habitat, zilikubaliana mwaka 2003 juu ya mpango wa kuboresha makazi duni, na Kibera ikawa miongoni mwa maeneo ya mwanzo. Septemba 2009 familia za kijiji cha Soweto Mashariki zilianza kuhamishiwa kwenye maghorofa ya muda huko Lang'ata, ili vibanda vyao vibomolewe na nyumba za kudumu zijengwe. Nyumba zilikuwa na maji, umeme na vyoo vya ndani. Hata hivyo, familia ziligawana: kila moja chumba chake, huku jiko na choo vikiwa vya pamoja.

Haukupita muda vyombo vya habari vikaanza kuripoti kwamba baadhi ya waliohamishwa wamepangisha vyumba vyao kwa watu wenye uwezo zaidi na wao kurudi Kibera. Wengi waliwaona hawana shukrani. Kiuchumi, walifanya kile ambacho mfanyabiashara yeyote angefanya: walikuwa na mali yenye thamani ya kodi kubwa kuliko matumizi yao wenyewe, wakaikodisha. Maisha yao, yaani genge, kibarua na wateja, yalikuwa yamebaki Kibera. Nyumba 822 za kudumu za Soweto Mashariki zilikabidhiwa Julai 2016, takriban miaka saba baada ya watu kuanza kuhama.

Afrika Kusini nako, tangu mwaka 1994, serikali imejenga nyumba zaidi ya milioni tatu kwa ajili ya watu wa kipato cha chini. Ni idadi ambayo nchi nyingine za Afrika haziwezi hata kuiota. Lakini kwa kuwa ardhi ya bei nafuu iko pembezoni, nyingi zilijengwa mbali na ajira. Wakazi walifanya nini? Walijenga vyumba vya uani na kuvipangisha. Maofisa waliviita vibanda vinavyoharibu mandhari. Shangazi yangu angeviita mazao.

Somo la Sinza na Manzese

Hatuhitaji kwenda mbali. Kati ya mwaka 1974 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, Serikali ya Tanzania, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, iliendesha mradi wa viwanja na huduma katika miji saba: Dar es Salaam, Mwanza, Mbeya, Tanga, Morogoro, Iringa na Tabora. Wazo lilikuwa rahisi. Badala ya serikali kumjengea mwananchi nyumba, impimie kiwanja, ichonge barabara na ivute maji, kisha mwananchi ajenge mwenyewe kwa kadiri ya mfuko wake.

Mradi ulikuwa na sura mbili. Sehemu kama Sinza na Kijitonyama zilipimwa kabla watu hawajajaa. Sehemu kama Manzese, na baadaye Mtoni na Tandika, watu walikuwa wameshajenga, kwa hiyo barabara na mabomba vilipenyezwa katikati ya nyumba zilizokuwapo.

Utafiti wa Guy Michaels na wenzake, uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la Journal of Political Economy, uliangalia maeneo hayo baada ya miongo kadhaa. Waligundua kwamba maeneo yaliyopimwa mapema yana nyumba kubwa zaidi, zilizopangika na zenye ubora kuliko maeneo ya jirani ambayo hayakupimwa. Yale yaliyoboreshwa baadaye, nyumba zake hazikuwa tofauti sana na za maeneo yasiyopimwa kabisa.

Kuna mambo mawili ya kujifunza hapo. La kwanza, serikali haikujenga nyumba hata moja ya zile zinazopendeza Sinza leo. Ilitoa mpangilio, barabara na uhakika wa kiwanja, na wananchi wakamalizia kwa haba na haba: msingi mwaka huu, tofali mwakani, kupaua mwaka wa tatu. La pili ni la uchungu kidogo. Thamani ilipopanda, wenye fedha walinunua, na wengi wanaoishi Sinza sasa si watu wa kipato cha chini tena. Aliyeuza kwa bei nzuri alifaidika. Aliyekuwa mpangaji alihama bila kitu.

Nusu ya nyumba

Chile ilijaribu njia nyingine. Katikati ya mji wa Iquique, kaskazini mwa nchi hiyo, familia karibu 100 zilikuwa zimevamia nusu hekta ya ardhi iitwayo Quinta Monroy na kuishi hapo kwa miaka 30. Ruzuku ya serikali ilikuwa dola 7,500 za Marekani kwa kila familia, na ilitakiwa kulipia ardhi, huduma na jengo. Kwa bei ya ardhi ya pale mjini, fedha hiyo isingetosha nyumba kamili. Njia ya kawaida ingekuwa kuwahamishia jangwani, nje ya mji.

Mbunifu Alejandro Aravena na kampuni yake ya Elemental waliwaeleza wakazi ukweli huo, na mwaka 2004 wakakabidhi nusu ya nyumba nzuri badala ya nyumba nzima mbaya. Sehemu ngumu, kama kuta kuu, ngazi, jiko, bafu na paa, zilikamilika. Kando yake iliachwa nafasi tupu ambayo kila familia ingejaza yenyewe ikipata fedha. Wakazi walibaki karibu na kazi zao, shule na majirani waliozoeana, na wakaongeza vyumba kwa mikono yao. Mwaka 2016 Aravena alipewa Tuzo ya Pritzker, ambayo ndiyo kubwa katika fani ya usanifu majengo.

Mtanzania akisoma habari hiyo anaweza kutabasamu. Nani kati yetu hajui kuhamia kwenye nyumba ambayo haijapigwa plasta? Tofauti ni kwamba kwetu mtu huanza peke yake, bila msaada kwenye sehemu zile ngumu.

Magomeni na mpangaji aliyesahaulika

Kwa haki, yapo mambo tuliyoyafanya vizuri. Kaya 644 zilizokuwa zikiishi Magomeni Kota, ambazo ziliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2010 nyumba zao zikabomolewa, zilirudi palepale. Maghorofa mapya yaliyojengwa na Wakala wa Majengo Tanzania yalizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Machi 2022. Miaka ya kusubiri ilikuwa mirefu na yenye machungu. Lakini jambo moja lilizingatiwa: eneo. Kutoka Magomeni hadi Kariakoo ni karibu, na mabasi yaendayo haraka yamepita hapo tangu mwaka 2016. Hakuna aliyeambiwa aanze maisha upya porini.

Kinachobaki kuangaliwa katika maghorofa ya namna hiyo ni gharama ya kuishi humo. Lifti, taa za ngazi, pampu ya maji na usafi vinalipiwa kila mwezi. Mkaa haupikwi kwa raha ghorofa ya tano, kwa hiyo mama lishe anahitaji gesi. Kuku hawafugwi ukumbini. Kama chini ya jengo hakuna fremu au eneo la biashara ndogo, basi familia imepata chumba na kupoteza baraza.

Yupo na mwingine ambaye mipango mingi haimtaji kabisa: mpangaji. Watu wengi wa kipato cha chini mijini hawamiliki nyumba, wanapanga chumba. Siku ile ya kikao nilizungumza na kijana mmoja aliyepanga kwa shangazi, anayebeba mizigo Kariakoo. Nilimuuliza kama anaridhika na chumba chake.

"Kaka, choo kinanikera, na mvua ikinyesha nalala macho," alijibu. "Lakini hapa bibi anapokea kodi ya mwezi mmoja mmoja. Huko kwenye nyumba nzuri wanataka miezi sita mkononi, wengine mwaka. Mimi napata fedha kwa siku, miezi sita nitaitoa wapi?"

Hilo nalo halimo kwenye alama za kuridhika. Kwa kijana yule, namna ya kulipa ni sehemu ya nyumba kama bati na mlango. Na kama nyumba ya shangazi ingeuzwa na kugeuzwa ghala, si familia moja ingepoteza makazi, bali tano.

Nini kifanyike

Sisemi kwamba watu waachwe kwenye tope kwa sababu wanajua kujitafutia. Shangazi mwenyewe ana malalamiko mengi. Choo kikijaa, gari la kunyonya majitaka haliwezi kuingia uchochoroni, na hilo ni hatari kwa afya. Mtaro umeziba. Ninachosema ni kwamba fedha iende kwenye maumivu ya kweli.

Kwanza, kabla ya mradi wowote wa makazi nafuu, ifanyike hesabu ya kaya kama tunavyofanya hesabu ya shamba: familia inaingiza kiasi gani kutokana na mahali ilipo, na itaingiza kiasi gani mahali inapopelekwa. Mradi unaopunguza kipato cha mtu kwa nusu si wa makazi nafuu, hata kama nyumba yenyewe ni ya bure.

Pili, viwanja vipimwe mapema. Sinza imetufundisha kwamba kupima kabla ya watu ni rahisi kuliko kubomoa baada ya watu. Miji inayokua sasa bado ina nafasi hiyo.

Tatu, pale ambapo watu wameshajaa, kazi ianze na mitaro, njia za kupitisha magari ya huduma na vyoo, pamoja na uhakika wa umiliki. Leseni za makazi, zilizoanza kutolewa Dar es Salaam katikati ya miaka ya 2000, zilikuwa hatua. Mtu mwenye uhakika kwamba havunjiwi kesho hujenga choo bora leo.

Nne, mikopo ilingane na namna watu wanavyojenga. Mkopo mkubwa wa miaka mingi unamfaa mwenye hati ya mshahara. Mpika vitumbua anahitaji mkopo mdogo wa kupaua, akaulipa, kisha mwingine wa choo. Vikundi vya kuweka na kukopa vinafanya hivyo kwa pembejeo. Hakuna sababu visifanye kwa bati na saruji.

Tano, wakazi waulizwe zaidi ya mara moja, na waulizwe na mtu ambaye hawamwogopi. Swali lisiwe "umeridhika?" tu. Liwe pia "mwezi uliopita umetumia kiasi gani kuishi hapa, na hapa pamekuingizia kiasi gani?"

Tulivyomaliza

Nilipowasomea binamu zangu hesabu ile, kimya kilitanda. Mkubwa wao akauliza swali la maana: "Sasa tumwache mama kwenye maji?"

Shangazi ndiye aliyejibu. Alisema wasimjengee nyumba mpya, wamjengee choo. Fedha waliyokuwa wametenga kwa ajili ya msingi wa nyumba ya nje ya mji itoshe vyoo viwili, kimoja cha wapangaji na kimoja chake, pamoja na kunyanyua sakafu ya uani kwa kifusi na zege. Bati la upande wa jiko libadilishwe. Kinachobaki, aliongeza, wamnunulie friji, auze maji baridi na ubuyu.

Vyoo vimekwisha. Uani umenyanyuliwa tofali tatu. Mtaro wa mtaa bado umeziba, na huo si wa shangazi kuuzibua peke yake, kwa hiyo masika ijayo ndiyo itakayotuambia kama tofali tatu zinatosha. Chumba kimoja kilipobaki wazi, watu wanne walikuja kukiulizia katika wiki moja. Nilipompigia simu kumsalimu na kumuuliza kama sasa ameridhika, alinijibu kwamba nisimpotezee muda, ana wateja barazani.